Spika Ndogo kwa Ajili ya Mama

Majuzi niliingia katika duka la vyombo vya muziki mjini Meru kutafuta spika za sebuleni. Sikutaka zile za kupigia harusi uwanjani. Nilitaka mbili ndogo za kukaa kwenye rafu, za kusikilizwa na mtu aliyeketi na chai yake. Kijana wa dukani alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso, kisha akaniletea jozi ya bei ya chini. Nilimwambia airudishe. Mimi nina diploma ya umeme. Nimefanya kazi Doha kwa miaka mingi, nikifunga spika katika kumbi za hoteli ambazo wengi wetu hatungeruhusiwa hata kufagia, na nimerudi Kibirichia nikajenga nyumba ya mawe bila mume na bila harambee. Sioni sababu ya kulificha hilo. Wanaojificha ni wale walioenda wakarudi na masanduku ya nguo tu.

Basi nilimfundisha kijana kazi yake. Nilimwonyesha kwamba spika huvutwa mbali na ukuta kidogo ili besi isivimbe. Nilimwambia aziinue zilingane na masikio ya mtu aliyeketi. Kisha nikamwambia asawazishe sauti ya jozi zote mbili kabla ya kuzilinganisha, maana inayopiga kwa nguvu zaidi humdanganya mtu kuwa ndiyo nzuri. Alianza kuniita madam. Akauliza aweke wimbo gani, huku kidole kikielekea kwenye zile nyimbo zao za kutikisa madirisha. Nilitoa simu yangu nikampa rekodi ya kwaya, rekodi ya zamani niliyoitoa kwenye kaseti kwa mikono yangu mwenyewe.

Kabla kwaya haijaimba neno hata moja, mikono yangu ilianza kutetemeka. Hii ni mikono iliyofunga waya juu ya ngazi ndefu bila kuyumba. Kijana aliniuliza kama stima imenipiga. Nilimwambia hapana, nikaomba kiti.

Watu wa rika langu waliokulia kwetu watanielewa. Siku hizo redio ilikuwa kitu cha starehe, lakini spika hazikuwa. Redio ilikaa kwenye kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, ikatuletea habari na mpira. Spika zilikuja bomani kwa sababu moja tu. Mtu akifa, ilipofika jioni ya maombi, pikapu ilipanda kutoka sokoni ikiwa na spika mbili nyeusi, nyaya na betri, na zikawekwa juu ya viti zikielekea barabarani. Kwaya za kaseti zikaanza kulia, na kijiji kizima kikajua ni boma gani. Watoto hatukuambiwa kwamba mtu amekufa. Tuliambiwa amesafiri. Lakini tulikuwa na macho. Spika zikiingia boma, kuna mtu hatarudi.

Nilikuwa pia nimegundua jambo jingine, nikajivunia akili yangu hata kwa umri ule. Mzee M'Ikiara, mwenye ng'ombe wengi na kitambi, alipofariki, spika zilizoletwa zilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Mwalimu mstaafu aliyeishi chini yetu aliletewa za ukubwa wa meza. Kitoto kichanga cha jirani hakikuletewa chochote. Nikahitimisha kwamba spika hupimwa kulingana na mtu.

Mwaka huo mama yangu alikuwa hospitali kubwa ya Embu. Alikuwa na ugonjwa wa kifua, wenye kikohozi kikavu ambacho nilikijua kama ninavyojua mlio wa mlango wetu. Kilikuja mara mbili kwa haraka, halafu kikavuta pumzi, halafu kikaja cha tatu kidogo, kama mtu anayeomba radhi. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Nilipouliza, nyanya yangu, mama yake baba, ambaye tulimwita Shosho, aliniambia kwamba mama amesafiri kidogo.

Nililishika neno hilo nikakaa nalo.

Baba alikuwa mkulima wa viazi. Wiki nyingi alipanda lori la viazi hadi Embu, akauza mzigo wake sokoni, akaenda kumwona mama, akarudi kesho yake. Siku moja alirudi akiwa amebeba gunia begani, akilishika kwa uangalifu kama lina mayai. Alilifungua mezani. Ndani mlikuwa na spika mbili nyeusi.

Zilikuwa ndogo. Kila moja ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Na mama yangu alikuwa amekonda mno siku alipoondoka, hata baba alimwinua kumpandisha garini kama mtu anayeinua kikapu. Nilisimama pale mlangoni. Zilikuwa za kipimo chake.

Shosho aliguna. Alisema kwa Kimeru kwamba hajawahi kuona mwanamume ambaye mke wake yuko kitandani naye anabeba masanduku ya muziki. Baba alihamisha vyombo kwenye kabati akaziweka spika pale, moja huku na nyingine kule, akaunganisha nyaya na redio yetu ya kaseti na betri ya gari aliyokuwa amechajisha sokoni. Kisha akatutoa nje sote.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na mbao zina nafasi. Niliweka jicho. Baba aliketi kwenye kiti katikati ya chumba, mikono magotini, akacheza kaseti. Ilikuwa kwaya ya kanisa letu, ile ile aliyokuwa akiimbia mama, ile ile iliyoimba kwenye matanga ya Mzee M'Ikiara. Hakuacha wimbo uendelee. Alisikiliza mwanzo kidogo tu, akazima, akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena, akazima. Alifanya hivyo hadi betri ikachoka. Alipotoka alimwambia Shosho, "Hizi hapana. Zinamficha." Wiki iliyofuata alizirudisha Embu, akaja na nyingine, nazo akazikataa.

Leo najua, kwa elimu niliyoilipia mwenyewe, kwamba huenda jozi ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Nilimwona akiunganisha nyaya gizagiza bila kutazama rangi. Ukipindua nyaya za spika moja, sauti ya mtu aliye katikati hutawanyika kama moshi, humpati kokote. Ningekuwa na diploma yangu siku hiyo ningemwepushia safari. Lakini nilikuwa mtoto, na nilichojua ni kwamba baba yangu anachagua spika za matanga, hazimridhishi, na mtu wa kuzikwa hajatajwa jina kwa sababu mimi nipo.

Mambo mengine yote yalinithibitishia. Wanawake wa kanisa walileta kuni, sukari na maziwa, kama wanavyoleta kwenye boma lenye kifo. Waliketi na Shosho jikoni, na nilipoingia wakaanza kuzungumza kuhusu baridi. Mmoja alinishika kidevu akanitazama muda mrefu. Niliacha kula. Shosho alidhani nina minyoo akaninywesha dawa chungu ya majani, nami nikainywa bila kulia, maana nilikuwa na jambo kubwa zaidi la kuliogopa.

Halafu baba akaanza kuchimba.

Kila mwaka, baada ya kuvuna, alichimba shimo refu nyuma ya nyumba la kuhifadhia mbegu za viazi, akalitandika nyasi kavu. Nililijua shimo hilo tangu nizaliwe. Lakini mwaka huo nililiona kana kwamba ni mara ya kwanza. Nilimtazama akilinyoosha kingo kwa jembe. Alipokwenda kukata nyasi nilishuka ndani nikajilaza chali, nikanyoosha miguu, nikajaribu kukadiria mama angefika wapi. Udongo ulikuwa na ubaridi unaopenya sweta. Juu yangu kulikuwa na kipande cha mbingu chenye umbo la shimo. Nilifikiri: atasikia baridi hapa, na hana sweta yake, iko kwenye msumari nyuma ya mlango.

Shosho ndiye aliyenikuta. Alinivuta kwa mkono mmoja kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akanichapa matakoni, halafu akaketi kwenye udongo akalia na leso mdomoni. Hakuniuliza nilikuwa nafanya nini. Nami sikumuuliza analilia nini. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake anajua.

Jioni hiyo lazima alimwambia baba kitu, kwa sababu wiki iliyofuata baba alisema nitakwenda naye Embu. Shosho alinivalisha gauni la Jumapili na soksi nyeupe. Sikuwahi kuvaa soksi nyeupe siku ya kazi. Nilichukua sweta ya mama kwenye msumari nikaivaa juu ya gauni, mikono ikining'inia hadi magotini, na hakuna aliyenikataza.

Ndani ya lori niliketi kati ya baba na dereva, magoti yangu yakigonga gia. Dereva alinitania kwamba nimevaa kama bibi harusi wa kwenye baridi. Sikucheka. Baba alikuwa na ile kaseti katika mfuko wa shati, na kila lori liliporuka aliishika kwa kiganja.

Tulipofika Embu, baba aliuza viazi vyake sokoni, na badala ya kwenda hospitali tukaenda mtaa wa Majimbo. Kulikuwa na duka dogo la Mzee Rajabu, fundi wa redio, Mwislamu mwenye kofia na miwani iliyofungwa kwa uzi. Ubavuni mwake kulikuwa na bucha ya kaka yake, na harufu ya nyama mbichi ilipita ukutani ikachanganyika na ya risasi ya kulehemu. Hadi leo nikishika chuma cha kulehemu kikiwa moto, nasikia pia harufu ya damu.

Katikati ya duka kulikuwa na meza ndefu, na meza ilikuwa imefunikwa shuka jeupe. Chini ya shuka kulikuwa na vitu vilivyoinuka hapa na pale. Mbele ya meza kulikuwa na kiti kimoja.

Nilisimama kizingitini. Baba alinivuta kwa upole, nikaingia. Mzee Rajabu alinisalimia, akanikaribisha, akaniambia nina sweta kubwa kuliko mwenyewe. Halafu akamweleza baba kwamba leo ameweka jozi mbili na kuzifunika, kwa sababu wateja huchagua kwa macho, wakaona mbao inang'aa wakadhani na sauti inang'aa. Maneno hayo nimeyakumbuka baadaye. Siku ile sikusikia chochote. Nilikuwa natazama shuka. Nilikuwa nimeona shuka jeupe likimfunika Mzee M'Ikiara.

Baba alimpa kaseti. Kukawa na mvumo kidogo, mbao za kanisa zikalia, mtu akaburuta kiti.

Halafu, kutoka chini ya shuka, mama yangu alikohoa. Mara mbili kwa haraka, akavuta pumzi, halafu mara ya tatu kidogo.

Sijui hofu ya mtu mzima inayofanana na hiyo. Huko Doha niliwahi kukwama kwenye lifti gizani na watu waliokuwa wakisali kwa lugha tano, na nilikuwa mtulivu kuliko wote. Lakini pale Majimbo mkojo ulinishuka ndani ya soksi nyeupe. Mama alikuwa mezani, na walikuwa wamemfunika akiwa bado anakohoa.

"Mtoeni hapo," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Hajamaliza. Mtoeni hapo."

Mzee Rajabu alizima kaseti. Baba alinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Nimtoe nani, Kendi?"

"Mama. Amekufa lini? Mbona hamkuniambia?"

Baba alitafuta pa kuketi, akaketi juu ya kreti ya soda, akanivuta magotini bila kujali soksi zangu. Akauliza ni nani aliyeniambia kwamba mama amekufa.

"Umeleta spika," nikamwambia. "Ndogo. Na umechimba."

Nilihisi kifua chake kikipanda na kushuka mgongoni mwangu. Mzee Rajabu ndiye aliyeelewa kwanza. Alikwenda mezani akashika ncha ya shuka, akasubiri nimtazame, kisha akalivuta polepole, kama unavyomfunulia mtoto mchanga uso. Kulikuwa na masanduku manne tu ya mbao, na nyaya.

"Njoo uguse," akasema. "Hapa hakuna mtu. Na nikuambie kitu, binti yangu. Hapa mtaani huwa naitwa kuosha maiti, nimeosha wengi. Sijasikia hata mmoja akikohoa. Anayekohoa bado anabishana."

Niligusa. Mbao ilikuwa na uvuguvugu kidogo. Baba alisema kwa sauti ya chini, kwa Kimeru, kwamba kikohozi kile kilinaswa siku kwaya iliporekodiwa, kwamba mama yuko hospitali, umbali wa kutembea kwa miguu, na kwamba tutakwenda sasa hivi. Lakini hakusimama. Aliniuliza, kwa haya, kama mtu anayeomba msaada wa mkubwa wake, "Umemsikia vizuri kwa zipi?"

Mzee Rajabu alicheza ile sehemu tena, jozi moja, halafu nyingine. Safari hii nilijibana mkononi mwa baba nikasikiliza. Jozi ya kwanza ilikohoa kutoka ndani ya debe. Ya pili ilikohoa hapo hapo kati ya masanduku mawili, mahali ambapo hapakuwa na kitu, palipokuwa na ukuta na kalenda tu.

"Hizi," nikasema. "Za upande wa dirisha."

"Mtoto ana masikio," Mzee Rajabu alimwambia baba. "Usimwache viazini yakaoza." Wengine walipata vyeti vyao chuoni. Nami changu nilikipata chuoni, kimetundikwa sebuleni kwangu, lakini cha kwanza nilipewa Majimbo nikiwa nimelowa soksi.

Hospitalini baba alinibeba mabegani hadi chini ya dirisha la wodi, akapiga mluzi wake wa kuitia ng'ombe. Tulisubiri. Nilihesabu vioo nikiwa nimefumba jicho moja, ili nikiona kibaya niwe nimeona nusu tu. Ndipo uso ukatokea, mwembamba, macho makubwa kuliko nilivyoyaacha. Mama alitutazama. Aliiona sweta yake, akaniinulia nyusi kama anayeuliza nimeipata wapi. Kisha akanitolea ulimi.

Sitasahau ulimi huo maishani mwangu.

Spika zile za Majimbo, zilizolipiwa kwa viazi, zilikaa kwenye kabati letu hadi panya walipotafuna koni zake. Baba ndiye aliyetangulia kuondoka, miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari ng'ambo. Nilirudi nikakuta pikapu imekwisha fika na spika kubwa, maana baba alikuwa mtu mrefu aliyestahili za kimo chake. Mama yupo hadi leo. Anaishi nami katika nyumba ya mawe, na kijana wa Meru alipoleta spika mpya, zile nilizochagua nikiwa nimekaa kwenye kiti nilichoomba, mama aliona masanduku yakishushwa langoni akaniuliza, bila kupepesa, kama yamekuja kumpima yeye. Nilicheka.

Lakini jambo moja sikulielewa pale Majimbo. Nilidhani baba anatafuta sauti ya mama katika kwaya, kwamba ile redio yetu ilichanganya sauti za wanawake, naye alitaka zitengane ili amsikie akiimba. Ndivyo alivyodhani Shosho pia.

Mama aliporudi nyumbani, Jumapili ya kwanza, wanawake wa kanisa walikwisha kwenda zao, na baba alitaka asikie chombo kipya. Alimwekea kiti katikati ya chumba, akamfunika blanketi miguuni, akacheza kaseti. Mimi nilikaa chini, nikiegemea miguu yake. Mbao za kanisa zikalia, kikohozi kikapita, kwaya ikaingia, na kwa mara ya kwanza baba aliuacha wimbo ufike mwisho. Mama alisikiliza huku akitabasamu na kikombe chake.

"Wameimba vizuri," alisema. "Ulikuwa unatafuta nini humo siku zote hizo? Shosho ananiambia ulimaliza betri."

"Wewe," baba akajibu.

"Mimi?" Mama aliweka kikombe chini. Alionekana kumhurumia. "Lakini mimi siku hiyo sikuimba. Koo lilikataa. Nilisimama tu nikifungua mdomo, mwalimu asije akaniondoa kwenye mstari."

"Najua," baba akasema, akainuka akairudisha kaseti mwanzo, kwenye kile kikohozi.